Bamba la Malimbuko

Nyololo, 13 Juni 2024

Mwanangu Lusia,

Kamwene. Huku tupo wazima, mimi na baba yako Yohane, na kuku wote isipokuwa jogoo mwekundu aliyechukuliwa na kicheche. Baridi ya mwaka huu haina adabu hata kidogo. Asubuhi majani yote meupe, viazi vya bondeni vimeungua kama vimepitiwa na moto, vya mlimani ndivyo vitakavyotulisha. Baba yako anavaa makoti mawili na bado analalamika.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono wangu maana simu yako imenichosha. Kila nikipiga, "Mama niko maabara, nitakupigia," halafu hupigi. Barua huwezi kuikatiza katikati. Nitaikabidhi kwa kondakta wa basi la Mbeya, na wewe nijibu kwa njia hiyo hiyo. Darasa la saba la zamani tulifundishwa kuandika, usinidharau.

Mzigo wako umefika. Sukari nimeiona, kitenge nimekiona. Lakini kile kibamba! Lusia, nilikaa chini. Kirefu kama kidole changu cha kati, chepesi kama ganda la yai, na matundu yake yamepangwa mstari, kila tundu limevimba pembeni kama pingili ya mwanzi wa ulanzi. Umeandika kwenye kile kikaratasi, "Mama, hiki nimekichora na kukitengeneza mimi, ni chako, kiweke kabatini." Kabatini? Mtoto wa Nyololo anatengeneza kitu cha kuunga mifupa ya watu, kinachoyeyuka chenyewe ndani ya mwili mfupa ukishashika, mtu asipasuliwe mara ya pili, halafu nikifungie kabatini na vikombe?

Nimeshamwonyesha Mama Blessing. Unajua jinsi anavyotupigia kelele na binti yake wa benki kule Makambako. Alikishika, akakigeuza, akasema, "Kidogo hivi?" Nikamwambia ndiyo, na ubongo wa mwanao nao ni mkubwa kiasi gani? Akaondoka bila kumaliza chai.

Jumapili hii ni ibada ya malimbuko. Watu wanapeleka mahindi yao ya kwanza, maharage yao ya kwanza. Mimi napeleka kazi ya kwanza ya mwanangu.

Umeuliza mguu. Mguu upo. Tangu ile bodaboda initupe kwenye lami na daktari anitie chuma kwenye ugoko, nimekuwa nikivumilia chuma cha watu. Sasa sina haraka tena ya hospitali. Nasubiri chako.

Kula vizuri. Mimi mama yako ninayetamba bila kuomba ruhusa,
Bertha


Ilomba, Mbeya, 25 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Mpe na Baba shikamoo yangu. Mimi mzima, Ilomba ni vumbi tu na upepo. Mwenye nyumba amepaka ukuta rangi ya kijani, chumba changu sasa kama ndani ya parachichi.

Barua yako ililala ofisi ya mabasi zaidi ya wiki, nimeipata leo. Nimejaribu kupiga simu, imezimwa. Tafadhali usilipeleke lile bamba kanisani. Najua Jumapili imeshapita, lakini labda mvua ilinyesha, labda uliahirisha. Liache kabatini. Ni sampuli tu, Mama, siyo kitu cha kuonyesha watu.

Kazini mambo yamekwama. Tunayaloweka mabamba kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili, wiki kwa wiki, tuone yanayeyuka kwa mwendo gani. Juzi umeme ulikatika tangu Ijumaa hadi Jumapili, maji yakapoa, jaribio lote likaharibika. Tunaanza upya. Mkuu wetu, Daktari Obeid, anasema subira ni sehemu ya sayansi. Rahisi kwake, siyo yeye anayeosha zile chupa. Na ile shehena ya magnesiamu, yale madini tunayotengenezea mabamba, bado iko bandarini. Kila karani anataka karatasi ambayo karani wa jana alisema haihitajiki.

Sasa nijibu swali moja kabla ya viazi na kabla ya Mama Blessing: kliniki ulikwenda? Ulitakiwa kwenda mwezi wa tano. Nakuomba usinijibu kwamba mguu upo.

Wako anayeosha chupa,
Lusia


Nyololo, 21 Julai 2024

Mwanangu Lusia,

Salamu kutoka kwa watu wote wa hapa, ni wengi kuliko zamani maana sasa kila mtu anakujua. Mahindi tumevuna, si mabaya. Shangazi yako wa Ubaruku ametuletea mchele, anasema mwaka huu mpunga umejaa mpaka maghala yanatapika.

Barua yako imefika imechelewa, kama ilivyo kawaida ya mabasi hayo. Kibamba kilikwenda madhabahuni, na ungekuwepo ungelia.

Unajua tunavyofanya: baada ya ibada vitu vya malimbuko vinatolewa nje, mzee wa kanisa anainua kimoja kimoja, watu wanapandishiana bei, na mwenye kununua akitaka anamtunuku mwingine. Zilikwenda ndizi, alikwenda mbuzi, kikafuata kibamba chako juu ya sahani ya maua. Watu hawakujua waanzie bei gani. Mara Mzee Jailos Kalinga, yule mwenye shamba la miti, akataja bei ambayo sitaiandika hapa maana baba yako akiisoma atashikwa na kizunguzungu. Halafu akaja mpaka nilipokaa, akanishikisha mkononi. "Mama Lusia, hiki ni cha mguu wako. Kiingie mwilini mwako, utembee kama zamani."

Usharika mzima ukapiga makofi. Mchungaji akakiombea. Na mimi, furaha imenipanda, nikasimama nikasema mbele ya wote: chuma kingine hakitaingia kwenye mguu wangu, ila hiki cha mwanangu.

Basi kliniki nimekwenda, ulitaka kusikia hivyo. Nimepanda gari mpaka Iringa mjini. Daktari ni kijana, ndevu zenyewe za kuhesabu. Nikamfungulia leso.

"Bibi, hiki umekitoa wapi?"

Bibi! Nikamwambia, "Mjukuu wangu, kimetengenezwa na binti yangu. Nitie hiki."

"Hakijapimwa. Hakijaruhusiwa. Hakijachemshwa, hata sijui ni cha madini gani."

"Kichemshe basi. Mimi hapa nasubiri."

Akacheka na nesi akacheka. Wivu tu, Lusia. Anaona mtoto wa kike wa Mufindi amempita. Nimetoka bila kumuaga. Sasa fanya hivi: mwandikie barua, wewe na huyo Obeid wenu, ipigwe muhuri mkubwa wa kueleweka, iseme kwamba kibamba ni kizuri na anitie. Muhuri wa bluu, maana mweusi wanadharau.

Mama yako anayesubiri muhuri,
Bertha

*Nyuma ya karatasi, kwa kalamu ya risasi:*

Lusia. Ni baba. Nimepewa barua nifunge bahasha. Mama yako hajaenda kanisani Jumapili mbili. Kidonda kimefunguka, kinatoa maji yenye harufu. Daktari alisema skrubu zimelegea, chuma kitolewe na pasafishwe haraka, wakichelewa mfupa utaoza na watakata mguu. Hilo hakukuandikia. Mimi hanisikii.


Ilomba, 27 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Baba, shikamoo, na asante. Mimi mzima. Maji yamekatika mtaani tangu jana. Hizo ndizo salamu zangu leo, nina hasira na sijui nikuandikie vipi nikuheshimu na hapo hapo unielewe.

Hakuna muhuri, Mama. Yule daktari hana wivu. Ana haki.

Lile bamba ni takataka. Lilikuwa limeshawekwa kwenye ndoo ya vitu vilivyoshindikana, nikaliokota nikalisugua nikakutumia. Sura yake ni nzuri, ule uvimbe wa pingili ni wazo langu na bado naupenda. Lakini mfupa wa mtu mzima unahitaji miezi kuunga, na bamba lile ndani ya wiki chache limeshaliwa. Linatoa hewa, linachimbika, linakatika pale pale kwenye tundu. Likiwa ndani ya ugoko wako utabaki na mfupa usioshikwa na kitu, na mapovu chini ya ngozi. Nilikutumia kwa sababu kila mwezi uliniuliza "lini?" na kila mwezi nilikujibu "bado," na siku ile nilishindwa kuandika "bado" tena.

Najua hutaniamini. Basi usiniamini. Chukua chupa ya chai ya zamani. Chemsha maji lita moja, tia chumvi kijiko na nusu cha chai, yaache yawe vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto, mimina, tumbukiza bamba. Mfuniko usikaze. Badilisha maji asubuhi na jioni yasipoe. Halafu angalia kwa macho yako.

Lakini usisubiri bamba ndipo uende hospitali. Nenda sasa. Wakutoe chuma, wakusafishe, wakutie chochote walicho nacho.

Binti yako,
Lusia


Ilomba, 1 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Ni mwezi sasa. Simu yako imezimwa, ya Baba inaita anasema "yupo, amekasirika," halafu anauliza hali ya hewa ya Mbeya. Hali ya hewa ni nzuri, Mama. Andika hata mstari mmoja. Nitukane ukitaka.

Lusia


Nyololo, 8 Septemba 2024

Lusia,

Kamwene. Baba yako mzima. Mvua bado. Mama Blessing amepata mjukuu, wamemwita Bupe kwa sababu baba wa mtoto ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Nimetuma sabuni, sikwenda.

Nilichukua ile chupa ya chai yenye mdomo uliovunjika. Nilifanya kama ulivyosema ili nikuonyeshe kwamba umekosea. Siku ile ile nikafungua mfuniko, nikasikia kama soda. Mapovu madogo madogo yameshika kibamba chote. Nikasema hiyo ni hewa ya chumvi. Nikabadilisha maji. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Kikaanza kuwa kijivu, kikatoa unga unga mweupe kama majivu ya mkaa. Baba yako alikuwa anapita anachungulia. Kuchungulia kwake kulinikera kuliko mapovu yenyewe.

Nikaongeza maombi. Nakuambia ukweli, niliomba juu ya chupa ya chai.

Jumatano iliyopita nilikitoa nikifute. Kimekatika mkononi kama biskuti, kwenye tundu la tatu, pale pale ulipoandika.

Umeniudhi sana. Si kwa kushindwa. Umeniudhi kwa kuniachia nitembee nacho kwenye mfuko wa gauni la kanisani, nakitoa kila kona, "oneni, oneni." Ungeandika tu "Mama, kimeharibika, kitazame sura," ningekitamba hivyo hivyo na wala nisingeapa. Mimi si mtoto wa kupewa mwanasesere anyamaze.

Na mguu, haya, nakuambia. Unanuka. Nalala upande wa dirisha. Vidole viwili sivisikii vizuri asubuhi.

Lakini hospitali nitakwendaje? Mzee Kalinga kila akipita anaita kutoka barabarani, "Mama Lusia, umeshatiwa?" Nimeapa mbele ya usharika. Nikirudi na chuma kingine watasema nilidanganya kwenye malimbuko, na Mama Blessing atatafuta kiti akae asikilize vizuri. Sina uso wa kwenda nao huko. Bora nikae ndani.

Mama yako,
Bertha


Ilomba, 14 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Namshukuru Mungu umeandika. Hongera kwa Mama Blessing. Nisamehe kwa mwanasesere. Umesema sawa.

Sasa na mimi nikuambie ninachoficha. Wafadhili wamesitisha mradi. Hawajasema umekufa, wamesema "tutatathmini," na Daktari Obeid ameanza kuwagawia watu vifaa vya maabara kama mirathi. Shangazi wa Ubaruku amenitafutia kazi ya kutengeneza mashine za kukoboa mpunga. Nafikiri nitaikubali. Nimechoka, Mama. Bamba la kwanza lilipasuka tukilikunja. Lililofuata likayeyuka kabla ya Jumapili. Tukalivika ngozi nyembamba ya kauri kulichelewesha, ngozi ikabanduka kama ganda la kiazi. Tukabadilisha mchanganyiko, likawa gumu, likakatika badala ya kupinda. Lako lilikuwa ndilo bora kuliko yote, na umeliona mwisho wake kwenye chupa ya chai. Miaka mitatu nimejifunza tu njia za kushindwa.

Kama aibu ni ya kiapo, waambie kanisani kwamba binti yako ameshindwa. Ni kweli tupu. Weka aibu yote juu yangu, mimi niko Mbeya siisikii. Lakini usinifanye niwe mtu aliyetengeneza kitu cha kuponya watu, na mguu wa kwanza kukatwa kwa ajili yake ukawa wa mama yake.

Ruhusa yangu ya kwanza ni Jumamosi ya tarehe 28. Nitakuja kukubeba mwenyewe, hata mgongoni, hata ukipiga kelele.

Lusia


Iringa mjini, wodini, 26 Septemba 2024

Mwanangu Lusia,

Kamwene mama, kamwene sana. Usije Nyololo Jumamosi kunibeba, nimeshabebwa. Njoo hapa Iringa, wodi ya mifupa, kitanda kilicho karibu na mlango, upepo wote unapitia kwangu. Baba yako yupo nje anakunywa chai ya nesi, amesahau uoga wake wote wa hospitali.

Barua yako niliisoma Jumatano. Niliisoma tena Alhamisi. Ijumaa nikamwambia baba yako atafute bajaji ya kunipeleka ibadani Jumapili. Wakati wa matangazo nikanyoosha mkono. Mchungaji akaniambia niseme nikiwa nimekaa. Nikasimama, nimeshikilia benchi.

Nikawaambia, "Nilileta hapa malimbuko, mkayaombea, mkayanunua. Yale malimbuko yamekatika kwenye chupa ya chai. Mwanangu ameshindwa. Naomba mnifungue kiapo changu, nikatiwe chuma cha hospitali."

Halafu nikasikia kicheko kutoka benchi la kina mama. Nilikuwa nimejiandaa kulia, Lusia, kweli nilikuwa na leso mkononi. Badala yake nikapandwa na hasira.

"Mama Blessing, cheka vizuri. Mwanao ameshindwa nini tangu azaliwe? Kuhesabu noti? Wangu ameshindwa kuyeyusha madini ndani ya mfupa wa mtu! Kalipasua, likayeyuka, akalivika ngozi, ikabanduka, akalichanganya upya, likakatika! Ninyi humu ndani, mpaka mzee wa kanisa, hakuna mwenye mtoto aliyeshindwa kitu kikubwa namna hiyo!"

Watu wakaangua kicheko, lakini kingine, cha kunishangilia. Mama Blessing mwenyewe akafunika mdomo na kanga. Mchungaji akasema kiapo cha furaha Mungu anakijua uzito wake, nisibaki nacho.

Mzee Kalinga akainuka. Nikajua anadai kibamba chake. Akauliza, "Bamba liko wapi?"

"Limekatika, Mzee. Nimekuletea vipande hivi hapa kwenye leso."

"Vya nini? Mimi sikununua bamba, Mama Lusia, nilinunua mguu. Gari liko nje, twende tukautafute kabla haujapotea."

Tukaondoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Wamenipasua Jumanne. Ni yule yule kijana wa ndevu za kuhesabu, na ameniita bibi tena, nimemwacha. Chuma cha zamani kimetoka, mfupa wamekwangua, na nje ya mguu wamenifungia vyuma vinne kama uzio wa bustani, hapo nitakaa navyo miezi. Anasema ningechelewa wiki mbili zaidi angekuja na msumeno. Vidole bado vina ganzi, kimoja huenda kisirudi. Mguu unabaki.

Maumivu ni makali, sikufichi tena. Usiku namng'ata baba yako mkono.

Kuhusu mashine za Ubaruku, kazi ni kazi, watu wanahitaji mchele, sikukatazi. Nenda ukale vizuri unenepe. Ila ukiacha, acha kwa sababu umechoka, usiache kwa sababu umeshindwa, maana hilo la kushindwa mimi nimeshalitangaza na linanipendeza. Na kama siku moja utarudi kwenye zile chupa zako, niambie vile lilivyoharibika, usinitumie tena vile linavyong'aa.

Jirani yangu wa kitanda cha pili ni mama wa Ilula, nyonga yake ina vyuma. Asubuhi ameniuliza watoto wangu wanafanya kazi gani. Nimemwambia ninaye mmoja, amekwama. Akaniuliza amekwama wapi. Tumezungumza mpaka chakula cha mchana kimepoa, na sijafika hata nusu.

Ni mimi mama yako, mwenye miguu miwili,
Bertha